Doa Lililogeuka Jekundu

Jumatano, 14 Julai 1993. Upepo wa baridi tangu alfajiri.

Leo kwenye kibanda chetu cha udobi, Majengo, nilipaka sabuni doa la njano kwenye shati jeupe la mwalimu. Likageuka jekundu! Nikamfokea msaidizi wangu Sikazwe, ambaye baridi humtoa damu puani:

“Umelivujia damu! Katafute kazi kwingine!”

“Naapa si mimi, kaka.”

Mwalimu alipofika akakamulia limau. Doa likarudi kuwa la njano.

“Binzari hii, fundi. Sabuni huifanya nyekundu, limau huirudisha. Shati nililileta bila doa hili. Nani amekula mchuzi hapa?”

Sikazwe alitazama bakuli langu la mchuzi. Kusema haki, hakucheka.

Jioni nilimkaribisha Sikazwe nyumbani. Tumekula ugali na maharage, bila binzari.