Maji ya Beseni

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana mdogo, nililazwa katika zahanati ya Fizi kwa kuhara damu. Nyuma ya zahanati palikuwa na jiko la akina mama waliouguza watoto wao, na hapo ndipo walipoelezana dawa ipi inachoma tumbo na uji gani hautapikwi. Mama aliamini kwamba maji huzidisha kuhara, akaninyima. Nilipoanza kupona, wote walitaka kujua alinitibu vipi.

"Siku tatu sikumupa maji," aliwaambia. "Hata tone."

Mama mmoja aliyekuja kwa mtumbwi kutoka Ubwari, mwanawe akiwa amelala kitanda cha jirani na changu, alimshika Mama mikono akamshukuru. Tangu hapo nilimsikia mtoto akiomba maji na mama yake akimbembeleza, "Vumilia. Mwenzako alivumilia." Kesho yake hakuomba tena. Jioni walimfunika uso.

Mama alilia naye, akasema Mungu amependa. Mimi sijamwambia mtu hadi leo. Sikuvumilia chochote. Kila mara Mama alipokwenda jikoni, nilishuka kitandani nikanywa maji ya beseni aliyoninawishia.