Taa za Nyuma, Mbele ya Mama Mkwe

Pikapu yangu ilikuwa kuukuu tangu siku niliyoinunua. Ilikuwa imebeba watu na mkonge kwenye shamba moja huko Lindi mpaka wenyewe wakaichoka, na mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Lakini zama zile za Mwingereza, mtu wa Kilwa Kivinje mwenye gari lake mwenyewe, hata la mlango wa kamba, hakuwa mtu wa kuambiwa neno. Na mimi sikuwa mtu wa kuambiwa neno hata kabla ya gari.

Mke wangu kwao ni Tingi. Mimba yake ya kwanza ilipokuwa kubwa, mama yake alikuja Kivinje kumchukua akajifungulie nyumbani, kama ilivyo desturi, nami nikawapeleka. Mke wangu alikaa mbele kwa sababu ya hali yake. Mama mkwe alikataa katakata kubanana na mkwewe kwenye kiti kimoja. Alipanda nyuma, akakaa juu ya gunia la mchele, akanipa mgongo. Kwao mkwe anaonewa haya hasa. Mimi na yeye tulisalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama chini, na baada ya shikamoo na marahaba hakuna zaidi. Likiwapo la kusema, lilipitia kwa mke wangu.

Njiani nilifunga breki ghafla kupisha nyani. Nyuma nikasikia honi ya lori na matairi yakiburuza. Nikatoa kichwa dirishani, nikamtukana dereva wa lori matusi ya nguoni, na yeye akawa anapiga kelele zake ambazo sikuzisikiliza. Ndipo nikakumbuka nani amekaa kule nyuma, nikarudisha kichwa ndani na kuendesha kimya mpaka Tingi. Tulipofika, mke wangu aliniambia taratibu, "Mama anasema taa zako za nyuma zinachelewa kidogo." Nikamjibu kwamba mama yake na magari wapi na wapi. Nikarudi zangu Kivinje.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Arobaini ilipokwisha nilikwenda kuwachukua, kanzu imepigwa pasi, na doti za kanga za mkwe nimezikunja vizuri kwenye karatasi. Nilisalimu nikiwa bado uani. Mama mkwe aliitikia kutoka barazani, mtoto mapajani mwake. Sikuona mzigo wowote umetolewa.

Mke wangu akaja mpaka kwenye gari. "Mama amekataa," akasema.

"Amekataa nini?"

"Anasema gari hili halimbebi mjukuu wake. Siku ile lori lilisogea mpaka akasikia joto la injini usoni. Alikwisha kupiga shahada. Yule dereva uliyemtukana alikuwa anakwambia kwamba taa yako imewaka wakati tumeshasimama."

"Mbona hukuniambia hivyo?"

Alitazama vidole vyake vya miguu.

Sikuwa na la kufanya ila kuitengeneza palepale. Kurudi Kivinje mikono mitupu, mke na mwanangu nimewaacha, mji mzima ungenicheka. Nikavua kanzu, nikabaki na msuli na fulana iliyotoboka kwapani, nikaingia chini ya gari. Hapo ndipo aibu ilipoanza. Mtu hapaswi hata kukohoa kwa nguvu mbele ya mama mkwe, na mimi miguu yangu imetokeza uani mwake mpaka magotini, nimelala chali kwenye mavi ya kuku, msuli naushika kwa mkono mmoja na spana kwa mwingine.

Kasoro yenyewe niliiona upesi. Kwenye gari zile, swichi ya taa za breki ilikuwa kidude kidogo chini ya sakafu, kimefungwa kwenye kanyagio la breki kwa springi. Ukikanyaga, springi inavuta swichi na taa inawaka. Springi yangu ilikuwa imelegea kwa uzee, kwa hiyo kanyagio lilishuka karibu lote kabla haijavuta chochote. Gari lilianza kusimama kwanza, habari ikaja nyuma baadaye. Nikaikata springi ncha, nikaikunja upya kwa koleo, ikawa fupi.

Kazi hii inataka watu wawili, kwani anayekanyaga haioni taa. Nikamweka mke wangu nyuma ya gari, upande ulioelekea baraza, aangalie. Mimi nikapiga magoti mlangoni, nikawa nalisukuma kanyagio kwa mkono, polepole.

"Imewaka?"

"Imewaka!"

Nikafurahi. Hata sikuwa nimelisukuma sana. Nikaanza kukusanya spana zangu, na moyoni nikawa nimeshaona nyumba za Kivinje.

Barazani ikatoka sauti ya mama mkwe. Hakusema nami. Alikuwa ameinamisha uso kwa mtoto. "Mjukuu wangu," akasema, "mwambie baba yako haijawaka."

Nikamgeukia mke wangu, nikampigia ukelele kama nilivyozoea kumpigia nyumbani. "We una macho au una matobo?"

Alishtuka. Akarudi nyuma hatua moja, akaikusanya mikono kifuani. Nyumbani nilikuwa nimemwona akifanya hivyo, nikadhani ndivyo alivyo. Pale uani kwao, mama yake akitazama, niliona kitu kingine kabisa. Sikuthubutu kuinua macho kuelekea barazani. Nilikuwa nimeona haya kwa ajili ya miguu yangu na fulana iliyotoboka, kumbe hayo hayakuwa kitu. Nilitamani nirudi chini ya gari nisitoke tena.

Mke wangu alikuwa amesema imewaka ili nisimfokee. Na yale maneno ya kwanza, kwamba taa zinachelewa kidogo, ile kidogo aliitia yeye. Mama yake hakuwa ametuma neno dogo, lilipunguzwa njiani ili mimi niweze kulimeza. Nikajiuliza ni mangapi mengine nyumbani yamenifikia yakiwa yamepunguzwa vivyo hivyo.

Mtoto akalia kidogo, akabembelezwa.

Nikalala tena chini ya gari. Nikalegeza boliti inayoshika swichi, nikaisogeza swichi nyuma, nikakaza. Nikarudi mlangoni, nikasukuma.

"Imewaka?" Sauti yangu niliisikia ni ya mtu mwingine.

Akaitazama taa, akanitazama mimi. Halafu, kwa sauti ya kusikika kwa taabu: "Bado."

Mdomo wangu ulifunguka kwa mazoea. Nikaufunga. Nikaingia tena uvunguni, nikasogeza tena, nikatoka.

"Bado," akasema. Safari hii nilimsikia vizuri.

Tuliendelea hivyo, mimi naingia na kutoka kwenye mavumbi, yeye ananirudisha. Kadiri alivyonirudisha ndivyo sauti yake ilivyokaza, mpaka mara moja akasema, "Bado, na ile ya kushoto imefifia, futa kioo chake." Nikaenda nikafuta kwa fulana. Hatimaye nilipogusa tu kanyagio, akasema, "Imewaka." Nikatazama barazani bila kukusudia. Mama mkwe alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na mizigo, yote imeshafungwa kwa kamba, na mafundo yake hayakuwa ya haraka. Ilikuwa imefungwa tangu asubuhi.

Mke wangu akakaa mbele. Mama yake akampa mtoto kupitia dirishani, akabaki ameshika kile kimguu kidogo. "Mjukuu wangu," akasema, "mwambie baba yako, mama yako akisema bado, ni bado."

"Nimesikia, mama," nikauambia usukani.

Tukaondoka. Mikono yangu ilinuka grisi, nami nikawa nakanyaga mafuta. Tulipopita mashamba ya mwisho ya Tingi mke wangu alimfunika mtoto vizuri kwa kanga, akatazama mbele barabarani.

"Unakwenda mbio," akasema.

Nikakanyaga breki.