Maji Yanapochemka Sumbawanga

Siku niliyoripoti kazini kwenye tawi la chuo chetu Sumbawanga, upepo ulinivua kilemba kabla sijafika getini, na mlinzi akanicheka waziwazi. Mkuu wa Idara ya Sayansi hakucheka. Alinipokea amevaa koti zito, akanikabidhi ufunguo wa maabara na jalada moja jembamba, akasema, "Madam, kemia yote ya shahada ni wewe. Ipange." Nikamuuliza wenzangu wako wapi. Akatazama dirishani kidogo, akajibu kwamba wanakuja. Walikuja kweli wawili watatu, mmoja baada ya mwingine, baridi na umbali vikawashinda, wakaomba uhamisho. Mimi nikabaki na ufunguo wangu mpaka nikastaafu.

Nyie mnaopanga kozi leo kwa kubofya kompyuta, nisikilizeni. Kupanga kemia ni kama kusonga ugali: maji kwanza, unga baadaye. Ukigeuza, utakula madonge. Kila kozi ina kozi tangulizi, yaani ile ambayo bila kuifaulu huruhusiwi kugusa inayofuata. Hesabu hutangulia kemia fizikia, tawi linalopima joto na mgandamizo wa vitu, na asiye na hesabu huko anapotea mchana kweupe. Nami nilikuwa na mikono miwili tu. Kwa hiyo nilifundisha kemia fizikia mwaka huu, mwaka ujao nikafundisha kemia ya kaboni, halafu nikarudi. Aliyefeli kozi alisubiri izunguke.

Niseme pia la moyoni, maana vitabu vya mitaala haviliandiki. Nilikuwa mpweke. Nilitoka Tukuyu, nyumba imejaa dada na shangazi, nikaja kupanga chumba kimoja huku juu kwenye uwanda. Kwenye chumba cha walimu walizungumza malezi na saikolojia; nikitaja mvuke, wananitazama tu. Ukiwa na hoja nzuri ya kozi yako na huna wa kukubishia, hoja yenyewe inachacha. Jioni nilizungumza na redio.

Sasa lile lililonikalia kooni. Mitihani ya praktiko, yaani ya vitendo maabarani, ilitungwa na kusahihishwa chuo mama, huko pwani. Mimi nilisimamia tu. Praktiko mojawapo ilitaka mwanafunzi apime jotoridi ambalo maji huchemka. Pwani ni nyuzi mia. Lakini sisi tuko juu, hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji vya kutosha, nayo huchemka mapema, kwenye tisini na nne hivi. Ndiyo maana maharage ya Sumbawanga unayaweka jikoni asubuhi ukienda kazini, ukirudi bado ni magumu, na wageni husingizia mbegu. Niliwaambia wanafunzi: andikeni mnachokiona. Wao walikuwa wajanja. Walisoma kipimajoto, wakaona tisini na nne, wakaandika mia kama kitabu kinavyosema. Mmoja tu aliandika alichokiona, binti kutoka kijiji cha Mwazye aitwaye Leokadia.

Matokeo yaliporudi, wengine wote walifaulu praktiko ile. Leokadia alipata sifuri, na sifuri hiyo ikamwangusha kozi nzima. Aliyenisikiliza ndiye aliyeadhibiwa. Uchungu nilioupata siku ile, hata leo nikiukumbuka naiacha chai ipoe.

Nikaenda kwa Mkuu wa Idara. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kanuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Madam, mwongozo wa usahihishaji ndio mwongozo. Arudie kozi." Nikamkumbusha kwamba kozi haizunguki tena mpaka mwaka ujao upite. Akasema basi akangojee kwao. Nilikwisha kuwaona wanaokwenda kungojea kwao. Anashika jembe anainua matuta, anauguza mama, mwaka unapita, na chuo anakisikia kwenye hadithi za wenzake. Kungoja ni kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, kwa jina la upole.

Nikaomba niifundishe kozi ile nje ya mzunguko, kwa mwanafunzi mmoja. Akasema saa hizo hazitahesabiwa kuwa kazi. Nikamjibu zisihesabiwe.

Basi kila alasiri tukawa wawili, yeye na mimi, kwenye maabara yenye viti vya watu hamsini. Niliandika ubaoni kana kwamba ukumbi umejaa. Leokadia alikuwa mbishi kwa adabu. Angeniacha nimalize, kisha angesema, "Lakini Madam," na hapo ndipo jioni ilipoanza kuwa tamu. Mwenyewe sikumwambia, ila ule ndio muhula pekee ambao sikuwasha redio.

Kwa kuwa kozi ilikuwa nje ya mzunguko, mtihani ulifanyika na kusahihishwa hapa hapa, na mtahini wa nje akasafiri kutoka pwani kuja kuuhakiki, mwongozo wake kwapani. Asubuhi ile Leokadia alisimama mbele ya maji yanayochemka, akanigeukia.

"Madam, safari hii niandike ngapi?"

Nilijua akiandika mia, kesho yuko huru. Naye alijua.

"Andika unachokiona," nikasema.

Akaandika tisini na nne.

Mchana nilimpeleka mtahini kantini. Alikula kidogo, akasukuma sahani, akalalamika kwamba maharage yetu ni magumu, mpishi kayatoa mapema. Nikamwambia yamekuwa motoni tangu alfajiri, na kwamba hayo aliyoshindwa kuyatafuna ndiyo majibu ya mwanafunzi wangu. Akaitazama sahani. Kisha akacheka hadi akafuta macho, akarudi maabarani kupima mwenyewe. Aliisahihisha karatasi, na ile mia ya kwenye mwongozo akaifuta pale pale kwa kalamu yake. Tangu hapo praktiko ile nikaihamishia wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, kabla ya somo lolote. Msiiondoe hapo.

Leokadia akafaulu, akaondoka. Wengine nao wakaja, wakaondoka, maana hiyo ndiyo kazi. Nami zamu yangu ikafika. Wakanipa blanketi na hotuba, nikarudisha ufunguo. Tukuyu dada zangu wameshazikwa, kwa hiyo nimebaki huku huku. Siku nyingine napitisha hadi jioni sijamjibu mtu salamu. Bado napanga mihula kichwani, nani asome nini kabla ya nini.

Juzi simu ikalia ujumbe. "Shikamoo Madam. Ni Leokadia. Nimehamishiwa kufundisha Kabwe, huku chini ziwani. Leo tumechemsha maji na darasa, kipimajoto kimesoma tisini na saba. Huko kwako bado ni tisini na nne?"

Jibu nilikuwa nalo. Ningeandika pale pale nilipokaa. Lakini nikainuka, nikainjika maji, nikatafuta kipimajoto changu cha zamani kabatini, nikasimama juu ya sufuria mpaka yakachemka.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Ni tisini na nne. Nimepima sasa hivi."