Sweta Nyekundu Siku ya Sinema

Wacheni niitoe aibu hii mwenyewe kabla mke wangu hajaitoa na chumvi yake. Miaka ya hamsini nilikuwa kibarua katika shamba la kahawa huko Ruiru, nikimtaka Wanjiku, binti wa nyapara wetu Mzee Njoroge, mtu aliyepima akili za watu kwa debe la kahawa (ukichanganya mbivu na mbichi, kwake wewe si mtu wa kupewa mke).

Basi wakaja watu wa sinema kututengenezea picha ya kufundisha uchumaji, mimi nikachaguliwa kuwa mchumaji hodari, rafiki yangu Kamau akawa yule mbaya anayechuma mbichi. Mwenye kamera akanipa shati jeupe, nikalikataa, nikavaa sweta yangu mpya nyekundu pyu niliyonunua Thika, ili Wanjiku anione vizuri. Shati akapewa Kamau.

Jumamosi moja mchana sinema ikaonyeshwa ukumbini, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, tena haikuwa na sauti. Kumbe sinema zile hazikujua rangi, wekundu wote uligeuka weusi. Kamau aling'aa kama mhubiri, hata mbichi zake zikaonekana safi, na mimi nikawa kama muuza makaa, nachuma vitu vyeusi tititi ambavyo kwa watu wa kahawa ni mbuni, ile iliyokaukia mtini kwa uvivu wa mchumaji. Ukumbi ukacheka. Nikamsikia Mzee Njoroge akimwambia mwenzake, "Na huyu ndiye anataka msichana wangu."

Badala ya kunyamaza nikasimama kujitetea, "Mzee, hizo ni nyekundu, zote ni nyekundu," kivuli changu kikajaa kwenye kitambaa cha sinema, nikajikwaa kwenye waya, mashine ya kuonyeshea ikazimika nami niko chini.

Jumatatu Mzee akanisimamia nichume mbele yake, akamwaga debe lote kwenye gunia, akakagua moja moja, asione mbichi wala mbuni.

"Leta wazee wenu," akasema mwishowe.

Nilifurahi mpaka machozi. Nikamkimbilia Wanjiku, naye akainamisha macho. "Mimi Jumamosi nilikuwa nimeshamwambia mama, afadhali yule wa shati jeupe."

Alinikubali baadaye, ndiye mke wangu huyu, lakini tangu hapo nikipigwa picha navaa ninachoambiwa, na Kamau simruhusu kusimama karibu nami.