Bahari Ilikuwa Zamu Yangu

Kilichonimaliza subira ni swali moja. Nilikuwa nimesimama kwenye geti la shule ya chekechea hapa Matisi, Kitale, nimembeba mwanangu Nafula mgongoni ingawa ana miaka mitano na miguu yake inaninginia karibu na magoti yangu. Nguo zake zilikuwa zinachuruzika maji. Mkuu wa shule alifungua mwavuli wake, akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Lakini Mama Nafula, kwani kuna mtu amekufa?"

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu mama yangu naye husoma. Yaliyotokea siku ile nitayaeleza. Lakini kwanza nieleze sisi tulivyofundishwa kuogopa, maana enzi zetu kuogopa mvua kulikuwa na adabu yake. Ndiyo, nasema enzi zetu, na nina miaka ishirini na minane. Chekeni tu. Mtu yeyote aliyewahi kuanika betri za redio juani ana enzi zake.

Tulikulia nje kidogo ya mji wa Bungoma, upande ambao asubuhi isiyo na mawingu unauona Mlima Elgon wote, mpaka mikunjo yake. Baba alikuwa msimamizi wa uwanja wa kuanika mahindi kwa tajiri mmoja wa mjini. Mahindi yakinyeshewa yakiwa chini yanashika ukungu, na lawama yote ni ya Baba. Kwa hivyo kwetu utabiri wa hali ya hewa ulikuwa kitu cha kunyamaziwa, kama sala. Redio yenyewe ilikuwa imefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli isije ikaachana vipande, na waya wa antena ulipita dirishani ukaenda kufungwa kwenye mparachichi. Habari za saa moja jioni zikiisha, hata Mama aliacha kusonga ugali, mwiko ukabaki umesimama wenyewe sufuriani.

Tulikuwa watoto wanne, na Baba aligawa utabiri kama alivyogawa nyama ya kuku, kwa umri. Kaka yetu mkubwa alipewa Magharibi na Bonde la Ufa, yaani kwetu. Aliyemfuata akapewa Ziwa Victoria. Wa tatu Nairobi na milima ya kati. Mimi kitinda mimba nikapewa kilichobaki, ambacho hakuna aliyekitaka: Pwani na bahari. Redio ikizimwa, kila mmoja alisimama akatoa ripoti yake. Aliyesahau aliosha sufuria ya ugali, ile yenye ukoko ulioshika kama saruji.

Mimi sikuwa nimeona maji makubwa kuliko ya Mto Nzoia. Lakini nilisimama nikatangaza kwa sauti ya redioni, "Upepo kutoka kusini mashariki! Mawimbi mita mbili! Wenye vyombo vidogo wachukue tahadhari!"

"Vyombo vidogo ni vipi?" Kaka akaniuliza. "Vikombe?"

Walicheka mpaka Kukhu, yaani nyanya yetu mzaa baba, akaanza kukohoa ugoro wake. Mimi sikujali. Nilijua Komoro, Morisi, Msumbiji na Madagaska kabla sijajua njia ya kwenda sokoni peke yangu.

Shida ni kwamba niliamini kila neno. Jioni moja redio ilisema mawimbi yatafika mita tatu na nusu siku ya Jumatano. Nikachukua futi ya Baba nikapima ukutani, nikaona maji yatapita juu ya dirisha letu. Nikapandisha viatu vya shule juu ya kabati. Jogoo nikamfunga kwenye tawi la mparachichi, ambako alilalamika kutwa. Halafu nikaenda nikawaambia darasa la pili wote kwamba bahari inakuja Jumatano. Jumatano nusu ya darasa haikuja shule. Wengine walikutwa juu ya kichuguu na magodoro yao, wamekataa katakata kushuka. Mwalimu alinichapa, kisha akamwita Baba.

Tulirudi nyumbani Baba akikokota baiskeli, mimi nikingoja awamu ya pili ya viboko. Hakunichapa. Aliniita mama kama kawaida yake, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, akasema, "Bahari haiji, mama. Inatuma upepo."

Ndipo akanionyesha daftari lake la mahindi. Pembeni alikuwa akiandika niliyotangaza mimi. Aligundua kwamba nikisema kuna dhoruba mashariki ya Madagaska, haipiti siku tatu upepo wetu unageuka. Badala ya kutoka mashariki unatoka Uganda, unashuka na mlima ukiwa na mawingu meusi, mvua ya mawe na radi. Nikisema dhoruba imeingia kati ya Madagaska na Msumbiji, mawingu yetu yanapotea na mahindi yanakauka vizuri. Hakuwa mtaalamu, na alikosea mara nyingi. Mama hakuchoka kumkumbusha ile harusi ya shangazi aliyoisogeza mbele kwa sababu ya mvua ambayo haikudondosha hata tone. Lakini kuanzia siku ile ripoti yangu ndiyo ilitangulia, na Kaka akakoma kuniuliza habari za vikombe.

Nikitamka tu "mashariki ya Madagaska", nyumba ilibadilika. Mama alifunika kioo kwa leso. Kukhu alirusha jembe uani, makali yakitazama juu, ati likate mvua ya mawe. Baba aliung'oa waya wa antena. Sweta nyekundu zilivuliwa. Tuliketi kwenye vigoda katikati ya chumba, mbali na ukuta, miguu imebanwa pamoja, mikono magotini. Hakuna kusimama mlangoni, hakuna kushika sufuria. Mwanga ukipiga tulihesabu kimoyomoyo mpaka ngurumo. Tukifika kumi, Mama alipumua. Tukifika tatu, hakuna aliyekohoa. Nasikia bado ile harufu ya vumbi lililolowa na moshi wa kuni uliorudishwa ndani na upepo, na meno ya dada yangu yakigongana. Lipi lilituokoa, jembe au vigoda, sijui. Najua kwamba hakuna mtu mzima aliyetucheka kwa kuogopa.

Wangetucheka vipi, na Nanjala alikuwa pale pale jirani? Tulikuwa tunaketi naye dawati moja. Kwao hawakuwa na redio. Alasiri moja mbingu ikiwa bado nusu buluu alitumwa kufungua ng'ombe waliofungwa kwenye ua wa seng'enge. Ng'ombe watatu walikufa wamesimama mstari, kisha wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Nanjala alirushwa upande wa pili wa njia. Aliporudi shuleni sikio la kushoto halikusikia tena, na kila mwalimu akisema kitu aligeuza kichwa kama kuku anayesikiliza mwewe. Mimi nilikuwa nimeitangaza ile dhoruba jana yake, ndani ya nyumba yetu, kwa watu sita. Baada ya hapo Baba alinipandisha kwenye baiskeli kila nilipotaja Madagaska, tukapita boma hadi boma, nami nikitangaza.

Msidhani tuliishi kwa hofu tu. Mvua ikipita tulikuwa wafalme. Kumbikumbi walitoka ardhini kama moshi, tukawakusanya kwa beseni, Mama akawakaanga bila mafuta, maana mafuta wanayo wenyewe. Tulicheza mpira wa kati na kuruka blada kwenye matope hadi rangi ya sare isijulikane. Uji wa wimbi ulinywewa kwa kelele makusudi. Siku hizi mtoto akikanyaga dimbwi anapelekwa kupimwa.

Na vijana wa siku hizi, hasa hawa walimu wetu wadogo! Simu wanazo zinazoonyesha bahari zote za dunia. Hata mimi, muuza mandazi na maziwa ya Endebess, nafungua yangu nikiwa kibandani naona Atlantiki inavyozunguka, Pasifiki inavyochemka, dhoruba zimepewa majina kama watoto wa watu. Hakuna anayeosha sufuria akisahau. Hakuna anayekumbuka pia. Wingu likitanda wao wanatoka nje kujirekodi.

Jumatatu ile niliona kwenye simu, na jioni redio ikasema vilevile: dhoruba kubwa mashariki ya Madagaska, na onyo la mvua ya radi upande wetu katikati ya wiki. Jumatano ilikuwa siku ya michezo shuleni. Nikaandika kwenye kundi la wazazi kwamba michezo isogezwe.

Mkuu wa shule akajibu, "Mama Nafula, Madagaska ni mbali, sisi tuko Kitale," na nyuso tatu za kucheka.

"Ama unauza miavuli siku hizi?" mzazi mmoja akauliza.

"Si umpeleke mtoto Pwani akaogelee, bana!"

Nami nikaweka uso wa kucheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mimi binti wa yule mtu wa daftari niliona haya, nikacheka na wao, na Jumatano asubuhi nikamvalisha mtoto koti la mvua nikamwacha pale getini.

Saa nane na nusu mchana moshi wa jiko langu la mandazi uligeuka. Ulikuwa unaelekea Endebess, upande wa mlima, ukanirudia usoni. Niliacha maziwa wazi nikakimbia.

Madarasa yalikuwa yamefungwa kwa kufuli. Jana yake sakafu ilipakwa rangi nyekundu ili wazazi waone usafi, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa karani aliyeenda mjini. Kwa hivyo walimu waliwakusanya watoto wote chini ya mkaratusi mkubwa, ule uliobeba ua wa seng'enge. Nilikuwa nimefika kwenye kona nilipoona ule mwanga mweupe. Sikusikia kitu. Niliona gamba la mti likishuka lote kwa mpigo mmoja, kama mtu aliyevuliwa shati. Watoto wawili wa pembeni walianguka, kisha wakainuka wakilia. Nafula hakulia. Alisimama mikono masikioni, mdomo wazi, miguu imeachana. Miguu imeachana! Yale yote niliyofundishwa kwenye kigoda sikuwa nimemfundisha hata moja. Nilidhani simu inatosha. Nikambeba mgongoni nikatoka naye nikipiga kelele, na pale getini ndipo mkuu wa shule aliponiuliza kama kuna mtu amekufa.

Tangu siku hiyo hajasema neno. Daktari amesema masikio ni mazima, tungoje. Nikigonga mfuniko wa sufuria anaingia chini ya meza. Shule nayo iliandika kwenye kundi kwamba tumshukuru Mungu, na michezo itarudiwa.

Zamani tulikuwa na redio moja iliyofungwa kwa tyubu, na mtu mzima aliamini sauti ya mtoto wa darasa la pili mpaka akampitisha boma kwa boma. Leo onyo liko mfukoni mwa kila mwalimu, na mwenye kulisoma anaulizwa kama anauza miavuli. Ningetaka Nafula apate ile hofu yetu, iliyokuwa na kigoda, na mkono wa mtu mzima mgongoni. Hii yake haina pa kukaa.

Siku ya tisa nilienda ofisi ya elimu. Karani wa pale alisoma mistari miwili akaniambia, "Mama, si muongee tu na mwalimu, haya mambo yaishe?" Nikamwambia apige muhuri kwanza, kuongea kutafuata. Akapiga. Nilichoandika ni hiki:

"Kwa Afisa wa Elimu. Malalamiko kuhusu usalama wa watoto wakati wa radi.

Mimi ni mzazi wa Nafula, miaka mitano, mwanafunzi wa chekechea hapa Matisi. Sisemi shule ilileta radi. Nasema shule ilipewa onyo siku mbili mapema ikacheka, kisha ikawafungia watoto nje ili sakafu isichafuke, kisha ikawapanga chini ya mti mrefu kuliko yote uwanjani, wameegemea seng'enge. Mimi pia nilijua nikamleta. Kosa langu naliandika hapa ili lisitumiwe kuficha la wengine.

Naomba darasa lisifungwe kwa kufuli mtoto yeyote akiwa shuleni. Naomba paa liwekwe kinga ya radi. Naomba seng'enge iondolewe kwenye mti. Naomba walimu wafundishwe mahali pa kuwaweka watoto, na onyo la hali ya hewa lisomwe kwa wazazi hata kama dhoruba iko bahari ya mbali. Naomba mkuu wa shule aitwe ajibu kwa maandishi.

Mtoto wangu hajaongea kwa siku tisa. Barua ya daktari imeambatishwa.

Leo asubuhi nimepita pale shuleni. Ule mti haujakatwa wala kuzungushiwa kamba, na watoto wamewekwa chini yake kunywa uji kwa sababu kuna kivuli. Jana jioni redio ilitaja dhoruba nyingine mashariki ya Madagaska. Wangu nimemweka nyumbani. Hao wengine wako pale sasa hivi ninapoandika."