Mpolandi Aliyetuandika Kuwa Tumeshiba

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na ndipo shida ilipoanza kijijini kwetu Akheri, Meru. Mimi shida siipambi maua, rafiki yangu. Mama alinifia nikiwa mchanga. Baba naye akafa masika ya mwaka ule, ng'ombe wetu wawili wakaishia mnadani, nikabaki na bibi na migomba.

Watu husema miaka ile nchi ilifunguka. Kweli, sukari ilirudi madukani Arusha, sabuni ya kunukia ikarudi, mitumba ikamwagwa chini kama mahindi. Sisi tulitazama. Kahawa yetu ilikaa ushirika msimu mzima bila malipo, wengine wakaamua kung'oa mibuni wapande nyanya. Asubuhi ulisikia shoka kila upande. Bibi alipika loshoro bila maziwa, yaani mahindi na ndizi tupu, mara moja kwa siku.

Ndipo akaja Mpolandi. Shangazi yake amezikwa Tengeru, kwenye makaburi ya wale Wapolandi waliokimbia vita vya Hitla. Alikuja kuyaona, akakaa miezi mitano. Kwao alisomea maisha ya watu, basi akawa anapita nyumba hadi nyumba na daftari, mwalimu wetu akimtafsiria. Mwalimu alitutangazia darasani kwamba nyumba itakayoandikwa imeelemewa na njaa, mtoto wake atalipiwa ada hadi sekondari. Mimi nilikuwa wa pili darasani. Nikajua nimepona.

Mpolandi akaketi kwenye kigoda chetu. "Shikamoo, bibi." Hiyo alikuwa ameshajifunza. Mengine akasema mwalimu: "Anauliza, mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Marahaba. Mara tatu," bibi akajibu. "Na maziwa juu."

Nikamtumbulia macho. Akanifinya paja.

Walipoondoka nililia. Bibi akasema, "Njaa ya nyumba haitupwi nje kama maganda. Unataka baba yako achekwe kaburini?" Wazee wa Kimeru wa umri wake walikuwa hivyo: mgeni anaonyeshwa shibe.

Jirani alikuwa anasikiliza nyuma ya ua. "Ee mama! Mimi kuku wangu wote nimewaficha kwa shemeji, nikamwambia huyo mgeni watoto wanalala njaa. Wewe haya, shiba maneno!"

Kesho yake niliwafuata njiani, nikamwambia mwalimu amweleze kuwa bibi amedanganya, hatuli. Mpolandi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga daftari. Mwalimu akanitafsiria: "Anasema kwa kanuni za kazi yake anajibu mkuu wa nyumba. Mtoto haandikwi."

Binti wa jirani akaenda sekondari. Mimi niliishia darasa la sita, nikabeba ndizi kichwani hadi soko la Tengeru.

Mwaka juzi binti wa yule Mpolandi alikuja kuzuru makaburi, akalala kwenye vyumba vya wageni nilivyokuja kujenga Tengeru kwa fedha za ndizi. Akanisimulia. Baba yake alirudi kwao, utawala wa zamani ukaanguka, akagombea ubunge, akawa waziri. Viwanda vikafungwa, watu wakaingia barabarani. Akasimama mbele yao na makaratasi yake, akawaambia utafiti unaonyesha wanaishi vizuri kuliko wanavyosema. Wakamnyima kura. Akarudi kufundisha, akafa hatembelewi na mtu.

Binti akaniuliza, "Huku kwenu alikuwa mtu mwema?"

"Alikuwa na heshima," nikamjibu. "Aliwaamini wakubwa."

Bibi nilimnunia miaka kumi. Nilimpelekea unga na sukari, lakini maneno sikumpa. Alikufa kabla sijamwambia kuwa yamekwisha.

Leo nina ekari mbili Akheri, nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba sita vya wageni Tengeru, ng'ombe watatu wa maziwa na pikipiki moja. Watoto wangu wanne wote wamemaliza kidato cha nne. Mbuni sina hata mmoja. Mfereji wa kumwagilia uliokuwa ukipita nyuma ya nyumba ya bibi umekauka, juu yake pamejengwa duka. Na nina kaburi la bibi, nimelijengea kwa saruji, kwa mikono yangu mwenyewe.