Siku Mbili Nilizokuwa Mgeni wa Mjukuu Wangu Baharini

Mimi ni mtu wa jembe. Nimezaliwa Chunyu, nimeolewa Nandagala, na katika maisha yangu yote maji mengi niliyowahi kuyaingia ni ya ndoo. Kwa hiyo mjukuu wangu aliponipigia simu kutoka Lindi akasema, "Mke mwenzangu, nataka nikupakie kwenye kayaki," nilimuuliza kayaki ni ugonjwa gani.

"Ni mtumbwi mwembamba wa plastiki, Bibi. Tunakaa wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma."

"Mbele anakaa nani?"

"Wewe."

"Ili mamba aanze na mimi."

"Wewe mifupa mitupu. Atakuruka aje kwangu."

Ndivyo tunavyoongea sisi wawili. Yeye ni mtoto wa binti yangu, na kwetu bibi na mjukuu ni watani tangu siku mtoto anapotolewa nje. Lakini siku hiyo nilisikia sauti yake imekaza chini ya utani, nikamwambia aache mzaha aseme shida.

Shida ilikuwa mtihani. Alikuwa anajifunza kuongoza wageni wa likizo, wale wanaopiga kasia kufuata pwani, wanalala kwenye mahema na kuangalia ndege, kasa na pomboo. Ilibaki safari moja ya siku mbili, na kila mwanafunzi alitakiwa alete mgeni wake mwenyewe, mtu asiyejua kuogelea na ambaye hajawahi kukaa kwenye kayaki. Akifaulu, anapata kazi palepale. Akishindwa, anarudi nyumbani, na mama yake alishamtafutia nafasi kwenye duka la Nachingwea, kuuza salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Duka si kazi mbaya. Lakini huyu binti ukimfungia nyuma ya kaunta ni sawa na kumfungia kanga wa porini ndani ya debe.

Nikamwambia nakuja. Ufuta ulishatoka shambani, mikorosho ilikuwa kwenye maua, hakuna aliyenihitaji. Binti yangu akalalamika, "Mama, utazama." Nikamjibu kwamba nikizama wanilete nizikwe Nandagala, wasinifukie kwenye mchanga kama yai la kasa.

Lindi nilivalishwa traksuti ya mjukuu wangu, kanga nikaifunga juu yake, na juu ya yote jaketi la kuelea lenye vifungo vingi. Mwalimu wao, ambaye ndiye aliyekuwa anasimamia mtihani, alikuja kunisalimia na kofia yake kubwa na daftari. Mjukuu akaninong'oneza, "Bibi, ni Mngoni huyu. Nakuomba usimtanie. Ni mtihani."

Jamani. Mmwera kama mimi akutane na mtani wake Mngoni akae kimya, si atapata homa?

"Kumbe Wangoni mmefika mpaka baharini," nikamwambia. "Mbuzi wetu wa kuiba wamekwisha?"

"Walikuwa wamekonda, Bibi. Tumehamia kwenye samaki."

Nikampenda hapohapo, lakini sikumwonyesha.

Tukaingia majini. Wanafunzi wengine wawili na wageni wao wakaondoka mbele, mwalimu akabaki nyuma peke yake kwenye kayaki ndogo, anatuangalia. Mjukuu akanifundisha kushika kasia, nalo lina bapa pana kila upande. Akapiga, nami nikapiga. Ko! Kasia lake likagonga langu. Tukapiga tena, yakagongana tena. Kayaki ikageuka, ikaangalia tulikotoka.

"Bibi, mbona unapishana na mimi?"

"Ili tusigongane."

"Ndiyo maana tunagongana."

Sasa elewa. Tangu nina miaka saba nimetwanga makopa ya muhogo. Wanawake wawili kwenye kinu kimoja, mchi wako ukipanda wa mwenzako unashuka. Ukishusha pamoja naye unamvunja vidole, na watu wanakusema kijiji kizima. Mikono yangu inajua hivyo. Nilikuwa nikisikia pumzi ya mtu nyuma yangu anashusha, mikono inapandisha yenyewe.

"Kwenye maji tunashusha pamoja," akasema.

"Pamoja tutapasua kinu."

"Hakuna kinu, Bibi."

Nilijua hakuna. Mikono ndiyo ilikuwa haijaambiwa. Tulizunguka pale mpaka jua likawa utosini, wenzetu wamekuwa vidoa, na wavuvi waliokuwa wanaparua samaki ufukweni wakaacha kazi wakakaa kututazama. Mmoja akapaza sauti, "Bibi, unakoroga uji?" Nikamwambia asubiri bakuli lake. Lakini nyuma yangu mtoto alikuwa hacheki. Nilisikia anavyovuta pumzi, na nikajua anaona salfa.

Halafu akasema polepole, "Bibi, hatutwangi. Tunalima. Tuko kwenye ujima, mstari mmoja, na mimi niko nyuma yako."

Aliponiambia hivyo, mikono ikaelewa. Kwenye ujima majembe yote yanashuka pamoja, na anayechelewa anachekwa mpaka jioni. Nikaanza kuimba kwa Kimwera, wimbo wetu wa kuvunja ardhi ngumu, na kila penye kuangusha jembe nikaangusha kasia. Naye akaangusha. Kayaki ikaruka kama imechomwa na mwiba. Tukampita Mngoni na daftari lake. Tuliwakuta wenzetu kambini wakati wa alasiri, nami sauti imekauka.

Pale kambini nilipata taabu nyingine, ya kukaa. Mgeni haruhusiwi kushika sufuria. Mjukuu wangu alinikalisha kwenye kiti cha turubai, akapika wali na samaki, akaniletea na maji ya kunawa. Miaka yote mimi ndiye ninayemwambia mtu ale. Nilipoona anageuza samaki mapema nikainuka.

"Mgeni, kaa," akasema.

Nikakaa. Samaki akakatika vipande viwili. Sikusema neno, na kwangu mimi hiyo ni sadaka.

Kesho yake asubuhi tulipita kwenye kijito katikati ya mikoko. Hapo nilimsikia mjukuu wangu kwa mara ya kwanza. Alinionyesha mizizi iliyochomoza kwenye tope kama vidole, akasema mti unavuta hewa kwa hiyo. Alinionyesha furukombe, yule tai mla samaki, juu ya tawi, na kaa wadogo wenye mkono mmoja mkubwa mwekundu wanaotuita na kutufukuza kwa mkono huohuo. Alizungumza polepole, anasubiri nione kwanza ndipo aeleze. Mimi nilijua nimelea mtoto wa kula na kuvunja vyombo. Sikujua nimelea mwalimu.

Tukatoka kwenye mikoko tukaingia maji ya wazi, na hapo nikamwona kasa. Kichwa kilitokea mbele yetu, kikubwa kama ngumi ya mwanaume, kikavuta pumzi kama mzee anayeamka, kikazama. Mgongo wake ukapita chini ya maji, mpana kama ungo. Nikashikwa na wazimu. Nikaanza kupiga kasia kumfuata.

"Bibi, inua kasia."

"Piga wewe, anaondoka!"

"Inua kasia, Bibi. Tutamtisha, na huko siko."

Sikuinua. Nimetoka Nandagala mpaka baharini, nimwache?

"Nimesema inua kasia. Sasa hivi."

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayefunga mlango. Kwetu mtoto hasemi hivyo na mkubwa, na tungekuwa nchi kavu ningeangalia fimbo iko wapi. Lakini nikainua. Nilikaa nimelaza kasia mapajani, midomo nimeivuta, hasira zimejaa mpaka masikioni. Kayaki ikasimama. Mbele yetu, hatua kama kumi na tano, maji yakavimba, yakapasuka meupe juu ya mwamba ambao sikuwa nimeuona kabisa, yakarudi chini yakauacha mweusi, una meno.

Hakuniambia "umeona?" Kisha kasa akarudi mwenyewe kuvuta pumzi, karibu kabisa, nikaona jicho lake na ukope wake wa kizee. Akanitazama, akaenda zake.

Tuliporudi ufukweni, mwalimu akatukusanya na kuanza kuwauliza wageni mmoja mmoja, mbele ya wote. Ikafika zamu yangu.

"Mgeni, kiongozi wako amekutendeaje?"

Mjukuu akaangalia mchanga. Nilijua neno langu moja lingeweza kumrudisha Nachingwea. Lakini kusema uongo sijazoea, na uzeeni si pa kuanzia.

"Amenifokea," nikasema.

Mwalimu akafungua daftari.

"Ukafanyaje?"

"Nilitii. Sijamtii mtu tangu babu yake afariki, na yeye mwenyewe nilikuwa namtii sikukuu tu."

"Ukiambiwa uingie tena majini, utaingia?"

"Naye, naingia leo hii. Na mtu mwingine siingii, hata wewe Mngoni. Nilikuwa nakwenda kufa huku nacheka, akanizuia. Angenibembeleza ningekuwa juu ya mwamba."

Akaandika kitu, kirefu kuliko nilichosema. Akafunga daftari, akamgeukia mjukuu wangu. "Ukiweza kumzuia bibi huyu, wageni wa likizo hawatakushinda. Jumatatu uje kazini."

Watu wakapiga makofi. Mjukuu hakuyasikia. Alinijia, akapiga magoti kwenye mchanga wenye maji, akashika miguu yangu. "Bibi, nisamehe kwa vile nilivyokujibu."

"Nchi kavu nimekusamehe," nikamwambia. "Kule majini ulikuwa mkubwa wangu, mkubwa hasamehewi. Sasa inuka unifungue hili jaketi, vifungo vimenishinda na haja ndogo imenibana tangu kwenye mikoko."